Kumwelewa Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Tourette: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu wa Nyanda za Juu Kusini

Mwezi Juni na Julai, baridi inapokaza Mbeya mjini, Tukuyu, Njombe na Makete, karibu kila mtoto darasani huvuta kamasi, na yule anayevuta pua bila kuwa na mafua anaweza kumaliza msimu mzima pasipo mtu kumtilia maanani. Septemba na Oktoba, vumbi linapotanda, zamu ni ya macho: wanaofikicha na kupepesa ni wengi, na anayepepesa pasipo kuwashwa hupewa dawa ya matone kama wenzake. Mpaka mvua zinyeshe na vumbi litulie ndipo mama au mwalimu anapogundua kwamba mtoto huyu mmoja bado anapepesa, bado anavuta pua, na sasa ameongeza kupandisha bega na kuguna. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi na mwalimu aliyefika hapo.

Mishtuko ya viungo na sauti fupifupi zinazojirudia bila mtoto kukusudia huitwa tiki. Tiki za viungo mara nyingi huanzia usoni na kushuka: kupepesa macho, kukunja pua, kupinda mdomo, kutikisa kichwa, kupandisha bega, kurusha mkono. Tiki za sauti ni kama kuvuta pua, kusafisha koo, kuguna, kukohoa bila kikohozi, na pengine kurudia neno alilolisema mwenyewe au alilolisikia kwa mwingine. Kuwa na tiki peke yake hakutoshi kuitwa ugonjwa wa Tourette. Inakadiriwa kwamba hadi mtoto mmoja kati ya watano hupata tiki za muda katika utoto wake, zikaja na kuondoka ndani ya miezi michache, na mtoto wa namna hiyo hahitaji chochote zaidi ya watu kuacha kumsumbua nazo. Daktari huutaja ugonjwa wa Tourette pale mtoto anapokuwa amepata tiki za viungo za aina mbili au zaidi na angalau tiki moja ya sauti, hata kama hazitokei kwa wakati mmoja, zikiwa zimeanza kabla ya umri wa miaka 18, zimedumu zaidi ya mwaka mmoja, na hazikusababishwa na dawa wala ugonjwa mwingine. Kwa vigezo hivyo, kati ya watoto 1000 wa umri wa shule wapo takriban 3 hadi 10, wavulana wakiwa mara tatu au nne zaidi ya wasichana. Maana yake ni kwamba shule ya msingi kubwa ya Uyole au Mafinga ina uwezekano mkubwa wa kuwa na mtoto kama huyo hivi sasa, ila huenda anafahamika kwa sifa ya utundu.

Ugonjwa huu unaitwa kwa jina la daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, ambaye mwaka 1885 aliandika habari za wagonjwa tisa akiwa Paris. Tangu wakati huo imefahamika kwamba chanzo kiko katika njia za mawasiliano zinazounganisha sehemu za ndani za ubongo, zile zinazoratibu mwendo, na sehemu za juu zinazotoa uamuzi, na kwamba kemikali ya ubongo iitwayo dopamini inahusika. Mara nyingi hali hii hutembea katika ukoo. Ukiuliza kwa upole kwenye kikao cha familia, si ajabu ukasikia kwamba baba mdogo fulani alikuwa akipepesa sana enzi za shule, au kwamba babu alikuwa na kawaida ya kuguna iliyokuja kwisha yenyewe. Haiambukizi. Haitokani na malezi mabaya wala na hofu aliyoipata mama akiwa mjamzito, na dawa za minyoo wanazogawiwa watoto shuleni, ambazo zina faida yake kubwa kwa minyoo, hazitaigusa.

Jambo linalowatatiza watu wazima kuliko yote ni kwamba mtoto anaweza kuzuia tiki kwa muda. Akiwa mbele ya mwalimu mkuu, au kanisani wakati wa sala, anatulia dakika kumi, na wakubwa wanahitimisha kwamba kumbe anaweza kuacha akitaka. Sivyo. Kabla ya tiki, hasa kwa watoto wa miaka kumi na kuendelea, kuna msukumo wa ndani unaojengeka mahali fulani mwilini, mfano wa chafya inayokuja: unaweza kuibana kidogo kwa kujitahidi, lakini huwezi kuamua isije kabisa, na wakati wote unaoibana huwezi kusikiliza jambo jingine. Mtoto anayezuia tiki zake kipindi kizima cha hisabati huenda ametulia sana, lakini hesabu hakuisikia. Akifika nyumbani alasiri hujiachia, na mama akaona tiki ambazo mwalimu anaapa hajawahi kuziona. Wote wawili wanasema kweli, na inafaa wajue hivyo kabla hawajaanza kutuhumiana.

Kupima kwanza kama ni kitu kingine

Katika mikoa yetu, mhudumu wa afya akisikia neno kushtuka hufikiria kifafa kwanza, na ana sababu ya kufanya hivyo. Maeneo ya Mbeya na Mbozi, ambako nguruwe wanafugwa kwa wingi, tegu wa nguruwe ni chanzo kinachofahamika cha kifafa, kwa sababu mayai yake yakimezwa huweza kuzaa vifuko vidogo ndani ya ubongo wa binadamu. Kwa hiyo kutofautisha ni kazi ya lazima, na mzazi anaweza kuisaidia sana kwa kuangalia mambo machache. Mtoto mwenye tiki hapotezi fahamu: ukimwita katikati ya tiki anakuitikia, na baadaye anakumbuka kila kitu. Haanguki, hajikojolei, haumi ulimi, wala hapatwi na usingizi mzito baada ya hapo. Anaweza kuichelewesha tiki, wakati mshtuko wa kifafa haucheleweshwi. Tiki hupungua sana akilala, ilhali kifafa kinaweza kumkamata usingizini. Tofauti hizi zina uzito, kwa sababu wapo watoto wanaowekwa kwenye dawa za kifafa kwa miaka, tiki zikabaki palepale, na mtoto akabaki na usingizi darasani.

Kuna ugonjwa mwingine ambao haufai kusahaulika mahali ambapo maambukizi ya koo kwa watoto mara nyingi hayatibiwi ipasavyo. Wiki au miezi kadhaa baada ya koo kuuma, mtoto anaweza kupata homa ya baridi yabisi, ile inayoshambulia viungo na moyo, na kwa baadhi yao mikono na miguu huanza kuchezacheza bila mpangilio. Mchezo huo haufanani na tiki ukiutazama kwa utulivu. Tiki hurudia umbo lilelile, bega lilelile, sauti ileile. Huu mwingine hutiririka kutoka kiungo kimoja kwenda kingine bila kujirudia, mtoto anadondosha kikombe, mwandiko unaharibika ndani ya siku chache, misuli inalegea, na anakuwa mwepesi wa kulia. Huyo apelekwe hospitali haraka akapimwe moyo, kwa maana akithibitika kuwa na ugonjwa huo atahitaji sindano za penisilini kwa miaka mingi ili moyo usiendelee kuharibika.

Shingo au macho yakikakamaa ghafla ndani ya saa au siku chache baada ya mtoto kupewa dawa, kwa mfano baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, hilo ni jambo la dharura na lina tiba. Usisubiri pia pale mtoto anapopoteza nguvu upande mmoja wa mwili, anapoumwa kichwa pamoja na kutapika asubuhi, au anapokuwa na homa na shingo ngumu. Na ikiwa wasichana kadhaa wa bweni moja wameanza kwa pamoja kuanguka na kupiga kelele, hilo ni suala la aina nyingine kabisa. Linahitaji ushauri na utulivu wa uongozi wa shule, na kulichanganya na Tourette hakumsaidii mtu.

Daftari na simu

Ukishaondoa hofu hizo, anza kuandika. Daftari la kurasa 40 linatosha. Andika tarehe, aina ya tiki, ilitokea wakati gani, na nini kilikuwa kikiendelea. Usijaribu kuzihesabu zote, utachoka siku ya pili. Chukua nusu saa ileile kila jioni, tuseme kati ya kurudi shuleni na chakula cha usiku. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi: «Jumatatu, kupepesa na kuvuta pua, kidogo. Jumanne, bega la kulia, mara nyingi, wamepewa matokeo ya jaribio. Jumatano, bega, hakulala vizuri. Alhamisi, karibu hakuna, alikuwa akitengeneza gari la waya na wenzake.» Baada ya wiki tatu au nne, kurasa hizo zitaanza kuonyesha mkondo wake. Kwa watoto wengi tiki huongezeka wakichoka, wakiwa na wasiwasi au furaha kubwa, wakiumwa, na wakati watu wanapozizungumzia mbele yao, na hupungua wakizama katika kazi inayowavutia. Hupanda na kushuka kwa majuma au miezi, tiki moja ikaondoka na nyingine ikashika nafasi yake. Hali hii ya kupanda na kushuka ndiyo inayowapa sifa waganga wengi: mtu hupeleka mtoto kwenye tiba siku tiki zimefika kileleni, zinashuka zenyewe kama zilivyokuwa zishuke, na sifa inakwenda kwa aliyekuwa wa mwisho kumshika mtoto.

Daftari lisigeuke kuwa la mashtaka. Mtoto aambiwe kwamba linaandikwa kwa ajili ya daktari, na akitaka kulisoma aruhusiwe.

Simu ina kazi kubwa kuliko daftari. Katika chumba cha daktari mtoto huzuia tiki karibu zote, na mzazi aliyesafiri kutoka Kyela au Makambako akabaki akiigiza kwa mabega yake mwenyewe. Rekodi video fupi mbili au tatu nyumbani, kwa ridhaa ya mtoto, uso na mikono vikionekana, na sauti ikisikika. Zibaki kwenye simu yako kwa ajili ya daktari peke yake; kundi la WhatsApp la ukoo si mahali pake, hata kama shangazi ameomba mara tatu.

Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na huko omba rufaa ya kwenda kliniki ya watoto au ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa ukanda mzima wa kusini ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kutumwa kliniki ya afya ya akili kusikutishe. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayothibitisha Tourette. Kinachothibitisha ni maelezo yako, video zako na macho ya mtaalamu, na picha za gharama kubwa huhitajika tu pale anapoona dalili zinazoelekeza kwingine. Chukua kadi ya kliniki ya utotoni na orodha ya dawa zote alizokwisha kutumia, za hospitali na za mitishamba, bila kuficha.

Nyumbani

Kwa maoni yangu, nusu ya matibabu ni kumaliza amri za «acha hiyo». Kila mara mtu anapomwambia mtoto aache, msukumo huongezeka, na mtoto anajifunza kwamba mwili wake ni kosa. Makubaliano ya nyumba nzima yawe mamoja: tiki ikitokea, mazungumzo yanaendelea kama kawaida. Kaka na dada wanaomwigiza wakanywe wao, si yeye.

Mtu mgumu zaidi kukubali mara nyingi ni bibi, ambaye amelea watoto wengi na ana uhakika kwamba viboko viwili vitalimaliza jambo. Usimjibu kwa ukali. Msubiri atulie, mkae naye jikoni, umwambie: «Mama, tumetoka hospitali. Wamesema ni ubongo unaotuma amri zenyewe, hajarogwa na wala hatumdekezi. Wamesema tukimgombeza zinaongezeka. Tunaomba utusaidie, maana wewe anakusikiliza kuliko sisi.» Kumpa mzee nafasi ya kusaidia hufanya kazi ambayo maelezo ya kitaalamu hayawezi. Kuhusu maombi, familia inayosali iendelee kusali. Lakini yeyote anayetaka mtoto afunge kula, apigwe ili pepo limtoke, achanjwe chale, au aache dawa alizoandikiwa, huyo akatazwe mara moja bila kujali cheo chake.

Mtoto aendelee na kazi zake za nyumbani. Ukimwondolea zamu ya kuchota maji au kuosha vyombo kila anaposhtuka, tiki zinaweza kuongezeka bila yeye kupanga, na ndugu zake wataanza kumchukia. Tahadhari ziwe za usalama tu: kama tiki ni ya kurusha mkono, asikae karibu na jiko la mkaa nyakati za baridi, asiepue sufuria ya ugali, na panga la kufyekea mgomba ashike mwingine mpaka tiki hiyo ipungue. Usingizi wa kutosha una faida inayoonekana, na simu usiku kitandani huupunguza.

Wapo watoto wachache, takriban mmoja kati ya kumi wenye Tourette au zaidi kidogo ya hapo, ambao tiki yao ni kutamka matusi au maneno ya aibu. Filamu na vichekesho vimewafanya watu waamini kwamba huo ndio ugonjwa wenyewe, na matokeo yake mtoto anayepepesa na kuguna huambiwa kwamba hana Tourette kwa sababu hatukani. Kwa familia ya huku kwetu, ambako mtoto hupimwa kwa jinsi anavyowaamkia wakubwa, tiki ya namna hii ni mzigo mzito kuliko zote. Itendeeni kama nyingine: bila kucheka, bila kofi, bila kumtoa nje kwa aibu. Mgeni anaweza kuelezwa kwa sentensi moja, kwamba ni ugonjwa na si makusudi, kisha mazungumzo yakaendelea.

Shuleni

Tiki kwa kawaida huanza kati ya miaka 4 na 7 na kufikia kilele kati ya miaka 10 na 12. Kwa hesabu ya shule zetu hicho ni kipindi cha darasa la nne hadi la saba, yaani miaka ileile ya upimaji wa taifa na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kwa hiyo usingoje matokeo mabaya ndipo uende shuleni. Nenda mapema, wakati mwalimu hana darasa, na useme kwa ufupi: «Habari za kazi, mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya mwanangu wa darasa la nne. Ana ugonjwa wa Tourette, hii hapa barua ya hospitali. Zile sauti hazitoi kwa kusudi. Naomba tushauriane atakaa wapi na tutafanya nini zikizidi.» Mwalimu aliyeombwa ushauri hupokea jambo tofauti na mwalimu aliyeletewa malalamiko.

Mahali pa kukaa panahitaji kufikiriwa. Darasani, wengi hudhani mbele ndiko kuzuri, lakini mbele macho ya darasa zima yapo kisogoni mwake. Pembeni, karibu na mlango, panafaa zaidi, kwa sababu kutoka hapo anaweza kwenda nje dakika tatu bila kupita katikati ya wenzake. Mkubaliane ishara, kama kuweka kalamu juu ya daftari lililofungwa, ili asilazimike kuomba ruhusa kwa sauti. Akiwa na tiki ya macho au shingo, kusoma kwa sauti mbele ya darasa ni adhabu. Anaweza kumsomea mwalimu pembeni. Kunakili ubao mzima kunamchelewesha, hivyo apewe muda au daftari la mwenzake. Mtihani unapokaribia, mwalimu mkuu azungumze mapema na afisa wa elimu maalumu wa halmashauri kuhusu nafasi ya kukaa na mahitaji mengine, kwa kuwa mambo ya mtihani hayapangwi wiki ya mwisho.

Kuhusu viboko, kanuni zinazoviongoza shuleni zinazungumzia utovu mkubwa wa nidhamu, na tiki si utovu wa nidhamu wa kiwango chochote. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini katika chumba kimoja ana haki ya kuchoshwa na sauti inayojirudia asubuhi nzima, nalitambua hilo. Lakini fimbo huongeza wasiwasi, na wasiwasi huongeza tiki, kwa hiyo hata kwa hesabu ya utulivu wa darasa peke yake haimlipi.

Wanafunzi wenzake waelezwe tu ikiwa yeye mwenyewe amekubali. Akikubali, dakika tano zinatosha, na kwa darasa la wapenda mpira upo mfano mzuri: Tim Howard, kipa wa Marekani aliyedaka miaka mingi Everton kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, ana ugonjwa huu tangu utotoni, na bado mwaka 2014 alilinda lango la nchi yake kwenye Kombe la Dunia. Mtoto naye awe na jibu lake fupi la kutumia uwanjani, alilolifanyia mazoezi nyumbani: «Mwili wangu unajishtua wenyewe. Hauambukizi. Tuendelee.»

Matibabu yenyewe

Tiki zisizomuumiza mtoto wala kumzuia kusoma, kula, kulala au kucheza hazihitaji kutibiwa. Swali la kumuuliza mtoto ni hili: ni ipi inayokusumbua wewe? Mara nyingi jibu lake si lile la mzazi. Mama anasumbuliwa na kuguna kwa sababu watu hugeuka kwenye daladala. Mtoto anasumbuliwa na shingo kwa sababu usiku inauma.

Matibabu ya kwanza yanayopendekezwa leo ni mazoezi ya tabia. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watoto 126, takriban asilimia 53 ya waliofundishwa mazoezi haya walipata nafuu ya kuonekana, ikilinganishwa na asilimia 19 ya waliopewa maelezo na faraja tu. Wataalamu waliosomea njia hii ni wachache nchini, lakini msingi wake unaeleweka, na mzazi anaweza kuufuata akiongozwa na mnasihi au muuguzi wa afya ya akili. Tuchukue tiki ya shingo inayoruka kulia. Kwanza mtoto ajifunze kuutambua msukumo: kaeni pamoja jioni, na kila anapouhisi unakuja ainue kidole, hata kama tiki itatokea. Wengi husema wanahisi kama kitu kinavutwa au kinawasha nyuma ya sikio. Akiweza kuutambua kabla ya tiki, mpeni kitendo ambacho hakiwezi kufanyika pamoja nayo: kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani, macho yatazame mbele, misuli ya shingo ikazwe taratibu bila kuumiza, akae hivyo kwa dakika moja au mpaka msukumo upungue, huku akipumua kawaida. Kwa sauti ya kuguna, kitendo hicho huwa ni kufumba mdomo na kuvuta pumzi polepole kwa pua, kisha kuitoa polepole. Kitendo kiwe kile ambacho mtu wa pembeni hatakitambua, ili akitumie hata darasani. Shughulikieni tiki moja tu kwa wakati, dakika kumi au kumi na tano kila jioni, na mtoto asifiwe kwa kufanya zoezi, si kwa kutoshtuka; siku za mwanzo ataona kazi ni ngumu, na hilo ni la kawaida. Mtoto chini ya miaka minane au tisa huenda hajaweza kuuhisi msukumo, na kumlazimisha ni kupoteza muda.

Dawa huja pale tiki zinapoumiza, zinapojeruhi shingo, au zinapomfungia mtoto ndani. Haziponyi, hupunguza. Haloperidoli ni ya zamani na hupatikana kwa urahisi, risperidoni na aripiprazoli hutumika pia, na klonidini hupewa baadhi ya watoto, hasa wale wasiotulia. Huanzwa kwa kiwango kidogo sana na kupandishwa taratibu. Mzazi ajue mambo ya kuangalia: usingizi, kuongezeka uzito, kukosa utulivu wa miguu, na kwa haloperidoli hasa, shingo kupinda au macho kupinduka juu katika siku za mwanzo. Hilo la mwisho likitokea kimbia hospitali, hata usiku, kwa sababu lina sindano yake na huisha haraka. Dawa isinunuliwe dukani kwa kufuata cheti cha mtoto wa jirani, wala isikatishwe ghafla.

Kuna jambo ambalo mara nyingi hufunikwa na tiki, nalo huenda lina uzito zaidi. Watoto wengi wenye Tourette, zaidi ya wanane katika kila kumi, wana pia tatizo jingine: kukosa umakini na kutotulia, mawazo yanayong'ang'ania na kumlazimisha kurudia kitendo mpaka ahisi kimekaa sawa, wasiwasi, hasira za ghafla, au ugumu wa kujifunza kusoma. Mtoto anayefuta na kuandika neno moja mpaka karatasi ikachanika, au anayerudi kuugusa mlango mara kadhaa kabla ya kutoka, amweleze daktari hayo kwa uzito uleule wa tiki. Mara nyingi tatizo hilo ndilo linaloshusha alama zake, na likitibiwa nyumba nzima hupumua hata kama bega bado linapanda.

Baada ya kilele cha miaka 10 hadi 12, wengi hupata nafuu kadiri ujana unavyosonga. Makadirio ya kawaida ni kwamba takriban theluthi moja tiki huwaisha karibu kabisa, theluthi nyingine hupungua sana, na waliobaki huendelea nazo ukubwani. Hakuna anayeweza kumwambia mzazi mwanawe ataangukia kundi lipi, kwa hiyo maandalizi ya kidato cha kwanza yafanywe kwa kudhani kwamba tiki bado zipo, hasa kama amepangiwa shule ya bweni mbali na nyumbani. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa shule, na nakala kwa patroni au matroni. Itaje jina la ugonjwa, tiki alizonazo kwa sasa na kwamba zinaweza kubadilika, kitu kinachozizidisha na kinachozituliza, dawa zake na saa za kuzimeza, dalili za kumkimbiza hospitali, na namba ya simu ya mzazi. Eleza pia kwamba usiku wa kwanza katika bweni jipya huenda akaguna sana kwa sababu ya ugeni, na uombe kitanda chake kiwe cha pembeni karibu na mlango. Ambatanisha barua ya hospitali, na nakala nyingine abaki nayo mtoto ndani ya tranka lake.